Mboga ya Februari Hupandwa Novemba

Ukipita katika soko lolote la jiji la Nairobi mwezi wa Februari utasikia lalama moja tu. Kifungu cha sukuma wiki kimekonda, bei imepanda, na majani yenyewe yamejaa vidukari. Mama muuza mboga akiulizwa sababu hujibu kwa neno moja: "Jua." Jibu hilo ni la kweli, lakini si kamili. Jua la Februari si mgeni. Huja kila mwaka, kwa wakati wake, na kila mwaka hutukuta tumekaa.

Siku hizi familia nyingi za mjini zina kijibustani, hata kama ni magunia mawili kwenye baraza au mtungi mkuukuu uliokatwa kati. Sheria ya Kaunti ya Nairobi ya mwaka 2015 inautambua ukulima wa mjini, na si jambo la kuonea haya tena. Shida ni kwamba wengi wetu hukumbuka bustani siku mvua inapoanza kugonga mabati. Hapo ndipo baba hutafuta jembe, mama hutafuta mbegu, na watoto hutafuta pa kujificha. Kumbe siku hiyo kazi kubwa ilipaswa kuwa imekwisha.

Wengine hutafuta msaada katika vitabu vya bustani vilivyoandikwa Ulaya, vinavyomwambia mtu asubiri theluji iyeyuke. Msomaji wa Umoja au Nyalenda atasubiri sana! Kwetu mwaka haugawanywi na theluji. Hugawanywa na mvua, na mvua zenyewe hazifanani toka mahali hadi mahali. Kwa hivyo, msomaji mpendwa, hebu tufunge safari ya mwaka mzima. Tutaanzia Nairobi mwezi wa Januari na kurudi hapo mwezi wa Desemba, na katikati tutasimama kila msimu katika mji ambao unaufunza msimu huo vizuri zaidi.

JANUARI NA FEBRUARI: VUMBI LA NAIROBI

Januari Nairobi ni mwezi wa karo, jua na vumbi. Udongo mweusi wa Embakasi, Syokimau na Kitengela umepasuka nyufa ambazo kidole huingia. Ule mwekundu wa upande wa Dagoretti na Kawangware umekuwa unga. Anayetazama bustani wakati huu husema hakuna la kufanya. La hasha! Huu ndio mwezi wa kazi zisizohitaji mvua.

Kwanza ni mbolea. Maganda ya viazi na ndizi, majani makavu na samadi ya kuku au mbuzi vikirundikwa pamoja, vikinyunyiziwa maji kidogo na kugeuzwa mara kwa mara, huoza na kuwa mboji katika muda wa miezi miwili au mitatu. Rundo la mapema Januari huwa tayari mvua zikianza. Rundo la Machi huwa tayari baada ya mvua kwenda zake.

Pili ni paa. Panda, au mtume kijana mwenye miguu mizuri, akazibue mifereji ya mabati. Wanafunzi na wafanye hesabu hii: mvua ya milimita moja ikinyesha juu ya mita moja ya mraba huwa lita moja ya maji. Paa la mita 30 za mraba, mvua ikinyesha milimita 20 kwa usiku mmoja, humwaga kama lita 600. Hiyo ni mitungi 30 ya lita 20, bila kumlipa mwenye mkokoteni hata shilingi. Kiasi fulani hupotea njiani, lakini hata nusu yake si haba.

Tatu ni kitalu cha miche. Mche wa sukuma wiki huhitaji wiki nne hadi sita kitaluni kabla ya kuhamishwa. Mvua ya masika Nairobi aghalabu hukolea kuelekea mwisho wa Machi. Rudi nyuma wiki tano au sita, utajikuta katikati ya Februari. Hiyo ndiyo siku ya kumwaga mbegu, na hakuna kitalu kinachohitaji maji mengi: sanduku la mbao lenye kivuli cha gunia jepesi hutosha familia.

Na asiye na ardhi? Baada ya ghasia za uchaguzi wa 2007 na mwanzo wa 2008, bustani za magunia zilienea sana Kibera na Mathare. Gunia hujazwa udongo uliochanganywa na samadi, katikati husimamishwa nguzo ya kokoto ili maji yafike hadi chini, kisha ubavuni hutobolewa matundu ya miche. Gunia moja kubwa hubeba miche 30 au zaidi mahali pa kigoda. La kuangaliwa ni udongo unakotoka. Usiuchote kando ya mtaro wa maji taka wala chini ya barabara kuu, kwa maana mboga hula kilichomo ardhini, nasi tunakula mboga.

MACHI NA APRILI: KIKUYU, MVUA YENYE JINA LA CHAKULA

Toka Nairobi upande matatu ya kuelekea magharibi, na kabla ya kumaliza gazeti utakuwa umefika mji wa Kikuyu. Hapa mvua ya masika ina jina la chakula. Ni msimu wa njahi, ile maharagwe nyeusi yenye mstari mweupe ambayo wazazi wapya hupikiwa. Mvua ya vuli nayo ni msimu wa mwere, yaani mawele. Mtoto wa mjini akimwuliza nyanyake, "Cucu, njahi ni mvua ama ni chakula?" atajibiwa, "Ni vyote viwili, mjukuu wangu." Na jibu hilo lina elimu ndani yake. Wahenga waliupa msimu jina la kile kinachoustahimili, ili asije mtu akapanda kisichofaa.

Mwere umepungua mashambani, lakini funzo limebaki. Katika masika panda vinavyopenda maji mengi: mahindi na maharagwe, sukuma wiki, spinachi, maboga. Nyanya za nje ziogope. Mvua ya Aprili ikichanganyika na baridi ya usiku huleta ule ugonjwa unaochoma majani yakawa meusi kama yaliyopitishwa motoni, na shamba zima laweza kwenda kwa wiki moja.

Palizi ya kwanza na ifanywe wiki mbili au tatu baada ya mimea kuota, kabla magugu hayajajua kwamba kuna mwenye shamba. Shule zinapofungwa mwezi wa Aprili mikono haikosekani nyumbani.

Masika pia yana hasira zake. Kati ya Machi na Mei 2024 mafuriko yaliua watu na kubomoa nyumba Nairobi na katika kaunti nyingi. Kwa bustani, kinga ni kuinua matuta kiasi cha shubiri moja juu ya njia za maji, hasa kwa wenye udongo mweusi ambao hunywa maji polepole na kuyashikilia hadi mizizi ioze. Ukiona maji yamesimama saa nyingi baada ya mvua kukatika, chimba mfereji siku hiyo hiyo.

MEI NA JUNI: KILIFI, WAKATI WA KUSI

Mei ukikaribia kwisha, Nairobi huvuta sweta na mvua hupungua. Lakini shuka na barabara ya Mombasa hadi Pwani, kisha uvuke kwenda Kilifi, na utakuta mwezi huo ndio mvua imepamba moto. Upepo wa kusi umeshika tangu Aprili, bahari imechafuka, na mashamba ya mihogo na mahindi yamejaa kijani.

Watu wa Pwani hawakuhitaji kalenda ya ukutani kujua haya. Wana majina ya kila kipindi: kaskazi ya joto, masika, kipupwe cha ubaridi, mchoo ambao ni mvua ndogo kati ya masika na vuli, kisha vuli yenyewe. Zamani Waswahili walihesabu mwaka wa siku 365 kuanzia Nairuzi, wakaugawanya katika makumi, kila siku kumi zikiitwa mwongo. Mkulima na nahodha wote wawili waliulizana tuko mwongo wa ngapi kabla ya kutia mbegu ardhini au chombo baharini. Makunduchi, kule Unguja, siku hiyo ya mwaka mpya bado husherehekewa kila Julai kwa jina la Mwaka Kogwa.

Familia ya Kisauni au Likoni inayong'ang'ania sukuma wiki ya Limuru hupata taabu bure. Joto huidhoofisha na wadudu huimalizia. Pwani kuna vyake: mchicha, kunde, bamia, biringanya, kisamvu cha mhogo. Mvua ikishika, akina mama wa Kimijikenda hutoka kuchuma mtsunga, mboga chungu inayoota yenyewe na ambayo ukiizoea utaikosa ukiwa mbali.

Mchanga wa Pwani haushiki maji. Kinachonyesha asubuhi huwa kimezama jioni. Dawa yake iko chini ya mnazi: makumbi ya nazi na makuti makuukuu yakitandazwa kati ya mistari huzuia jua lisilambe unyevu. Na kwa kuwa visima vingi karibu na ufuo vina chumvi, maji ya mvua ya Mei yawekwe akiba kwa ajili ya vitalu. Mche mchanga ukinyweshwa chumvi hukauka kuanzia ncha za majani.

JULAI: UKUNGU WA LIMURU

Julai turudi bara, tupande hadi Limuru, zaidi ya mita 2,200 juu ya bahari. Asubuhi ukungu umelala juu ya majani chai, jua halionekani hadi karibu adhuhuri, na watu wanazungumza huku midomo yao ikitoa moshi. Kwa makadirio, kila ukipanda mita 1,000 joto hupungua nyuzi sita hivi. Ndiyo sababu bustani ya hapa na ya Mombasa haziwezi kufuata ratiba moja hata kama zimepandwa mbegu ya pakiti moja.

Baridi hii huwakatisha tamaa wengi, hata Nairobi. Mchicha husimama, pilipili hoho hujikunja, boga halisogei. Wanaotilia mbolea juu ya mbolea wanapoteza pesa. Mmea haukosi chakula, unakosa joto. Kabeji, njegere, karoti na spinachi ndizo huifurahia hali hii, na mwenye akili huzipanda kuanzia Mei ili zikute baridi zikiwa zimeshika mizizi.

Julai ni mwezi wa mavuno na wa mbegu. Chagua mganda wa maharagwe uliozaa vizuri na usio na ugonjwa, uanike ukauke barabara, kisha uuhifadhi kwa jivu ili bungo wasikaribie. Managu na mchicha ziachwe chache zikomae zitoe mbegu. Pakiti ya dukani inagharimu fedha kila msimu. Mbegu ya mama wa nyumbani hugharimu kumbukumbu tu, na huwa imekwisha kuzoea udongo wa hapo.

AGOSTI NA SEPTEMBA: KISUMU, MJI WA MVUA ZA ALASIRI

Sasa tuteremke Bonde la Ufa na kupanda tena, tuangukie Kisumu, mita kama 1,100 tu juu ya bahari. Ukitoka Limuru utalivua koti kabla ya kufika stendi. Hapa ziwa ndilo bwana. Jua huwaka asubuhi, mawingu hujikusanya, na alasiri radi hupiga. Hakuna mwezi unaopita bila mvua kabisa, ingawa Waluo hutofautisha msimu mkubwa wa chwiri na ule mdogo wa opon, ambao upanzi wake huangukia Agosti na Septemba.

Ingia sokoni uone utajiri wa mboga za kienyeji: osuga ndiyo managu, dek ndiyo saga, apoth ndiyo mrenda, ododo ndiyo mchicha, boo ni majani ya kunde, susa ni majani ya maboga. Mboga hizi hukua haraka. Mchicha waweza kuchumwa wiki tatu au nne baada ya kupandwa, managu na saga wiki nne hadi sita.

Kwa sababu hiyo Kisumu hutufunza kupanda kidogo kidogo. Anayemwaga pakiti nzima ya saga siku moja atakula saga hadi aichukie, kisha akae mwezi mzima bila. Anayepanda mistari miwili leo na mingine miwili baada ya wiki mbili hachoki wala hakosi. Njia hii inafaa popote penye maji, hata kwenye beseni la barazani Nairobi.

Likizo ya Agosti ikiwadia, mpe kila mtoto mstari wake. Atakayeziona mbegu zake zikiota kabla ya shule kufunguliwa hatakuwa tena wa kukataa mboga mezani.

OKTOBA: MACHAKOS, WANAOPANDA VUMBINI

Kituo cha mwisho kabla ya kurudi mjini ni Machakos, mwendo wa saa moja na ushei kutoka Nairobi. Milima ya hapa imechongwa ngazi tangu chini hadi juu. Ni makinga maji ya "fanya juu", ambapo udongo wa mtaro hurushwa upande wa juu wa mteremko. Jina hilo la Kiswahili limeenda mbali, na leo wataalamu wa udongo wa nchi za mbali hulitumia lilivyo.

Wengi mjini huamini kwamba mvua kubwa ya Kenya ni ya Machi kila mahali. Ukambani mambo ni kinyume. Mvua ya kutegemewa ni ya Oktoba hadi Desemba, na ile ya Machi mara nyingi huja na kuondoka kama mgeni aliyesahau kitu. Kwa hivyo wakulima wengi hutia mbegu za kunde, ndengu, mbaazi na mahindi ya kukomaa mapema katika vumbi kavu, siku chache kabla ya mawingu, ili tone la kwanza likute mbegu ipo. Ukiwauliza kwa nini hawangoji, watakuonyesha mbingu na kukuambia msimu ni mfupi, wiki moja ikipotea ni gunia limepotea.

Nao wanajua wanachosema. Kuanzia vuli ya 2020 hadi vuli ya 2022, misimu mitano mfululizo ya mvua haikutimia katika sehemu kame za kaskazini na mashariki ya nchi. Mwaka uliofuata, 2023, vuli hiyo hiyo ikaja na mafuriko ya El Nino. Miezi ya mvua tunaijua, lakini kipimo chake hakina mkataba. Ndiyo maana ni vyema kusikiliza utabiri ambao Idara ya Utabiri wa Hali ya Hewa hutoa kabla ya kila msimu, na kuchanganya mimea. Mahindi yakifa kiu, mbaazi yenye mizizi mirefu husimama.

NOVEMBA NA DESEMBA: NAIROBI TENA

Turudi sasa Nairobi na lile jambo tulilolianza. Mvua ya vuli hapa huwa fupi, lakini ndiyo yenye thamani kubwa kwa jikoni, kwa sababu nyuma yake kuna jua la miezi miwili na zaidi.

Tazama hesabu yake. Mbegu ikimwagwa kitaluni mwishoni mwa Septemba, mche huhamishwa mwanzo wa Novemba. Hapo hupata mvua ya bure kwa wiki kadhaa na kuteremsha mizizi. Kuanzia mwisho wa Desemba huanza kuchumwa, na sukuma wiki iliyotunzwa huendelea kutoa majani kwa miezi mingi. Februari ikifika, mche huo ni mti mzima unaohitaji maji ya kuoshea mboga na mchele tu, pamoja na tandiko la nyasi kavu shinani. Jirani aliyeanza Januari ana mche wa shubiri moja unaolilia mtungi kila jioni, wakati mtungi wenyewe unauzwa ghali. Wote wawili wametumia mbegu ile ile na jasho lile lile. Walichotofautiana ni mwezi.

Kikwazo cha Desemba ni safari. Familia hufunga mlango na kwenda mashambani wiki mbili au tatu, bustani ikabaki yatima. Kabla ya kuondoka, ng'oa magugu, mwagilia kwa wingi, tandaza nyasi nene, na ufukie chupa za plastiki zilizotobolewa vitundu vidogo kando ya mashina, zikiwa zimejaa maji. Zaidi ya hayo, mwambie jirani achume apendavyo, mradi amwagilie. Mboga ikichumwa huongezeka, na ujirani vivyo hivyo.

DAFTARI MOJA LA SHILINGI CHACHE

Miji tuliyopita inatofautiana kwa udongo, upepo na lugha, lakini yote inakubaliana kwa jambo moja: mvua ni siku ya mtihani, si siku ya kusoma. Anayeishi Mombasa asiige wa Limuru, wala wa Machakos asimngoje wa Kikuyu. Kila mmoja na aujue mwaka wa mahali pake.

Kwa hivyo nunueni daftari moja la nyumba. Mwanafunzi aweke nje kopo lenye kuta zilizonyooka, na kila asubuhi baada ya mvua apime maji kwa rula na kuandika tarehe na milimita. Mama aandike siku mbegu zilipomwagwa na siku mboga ya kwanza ilipoingia sufuriani. Baba aandike fedha zilizotumika sokoni kila mwezi. Baada ya miaka miwili mtakuwa na kalenda ambayo hakuna duka linaloiuza, kwa sababu imetengenezwa na paa lenu wenyewe.

Na ikiwa unasoma haya vuli ikibisha hodi, usingoje Jumapili nyingine. Weka gazeti chini utafute gunia. Februari iko njiani.